Knut mbele ya kamera za wageni: uchambuzi wa kisa cha dubu wa Berlin

Tarehe 23 Machi 2007 Bustani ya Wanyama ya Berlin ilimtoa hadharani mtoto wa dubu mweupe, umri wake miezi mitatu na nusu, jina lake Knut. Waandishi wa habari wapatao 400 walikuwa wakimsubiri. Hao walifanya kazi yao, wakatuma picha, wakaondoka. Kisa ninachokichambua hapa ni cha waliobaki: wageni wenye kamera za mfukoni, na wachache wenye lenzi ndefu, waliokuwa wakirudi kumpiga picha dubu yule yule kwa miaka minne, kisha wakazipakia picha zao mtandaoni bila kutumwa na mtu wala kulipwa na mtu.

Wanyama wengi waliofungiwa hupigwa picha ovyo, leo huyu kesho yule, na baadaye hakuna anayejua picha ipi ni ya mnyama gani. Knut alifuatwa na wapiga picha wa ridhaa tangu siku alipotolewa nje mpaka dakika aliyokufa mbele yao, na kila hatua kubwa ya maisha yake ina tarehe. Kwa hiyo tunaweza kuuliza swali ambalo kwa kawaida halina jibu: picha hizo zilieleza nini kuhusu dubu huyu, na zilificha nini? Mimi nina msimamo wangu. Naona thamani ya picha ya ridhaa ya mnyama aliyefungiwa imo katika vile vitu ambavyo mpiga picha hupigana kuviondoa: ukuta, kioo, saa, na watu waliosimama pembeni.

Kwanza historia yake. Knut alizaliwa tarehe 5 Desemba 2006 akiwa na gramu 810. Mama yake, Tosca, aliyewahi kuwa dubu wa sarakasi huko Ujerumani Mashariki, alizaa pacha na kuwaacha wote wawili juu ya mwamba. Watunzaji waliwaopoa kwa wavu wenye mpini mrefu. Ndugu wa Knut alikufa baada ya siku nne. Knut alikaa siku 44 kwenye mashine ya joto, kisha akalelewa kwa chupa na mtunzaji Thomas Dörflein, ambaye alihamishia malazi yake humo humo bustanini ili amnyonyeshe usiku na mchana. Kuanzia Machi mpaka Julai 2007 wawili hao walikuwa wakitoka kucheza mbele ya umati kila siku, mpaka dubu alipokuwa mkubwa kupita kiasi cha mtu kumchezea.

Pesa nazo zilikuwemo. Bustani ya Berlin ni kampuni yenye hisa, na mwanzoni mwa Aprili 2007 bei ya hisa zake ilikuwa imepanda zaidi ya mara mbili katika wiki moja. Jina Knut lilisajiliwa kuwa alama ya biashara. Mapato ya ziada ya mwaka huo yalikadiriwa kufikia euro milioni tano. Bustani ya Neumünster, iliyokuwa ikimmiliki Lars, baba yake Knut, ilidai fungu lake, na mwaka 2009 mgogoro ukaisha kwa malipo ya euro 430,000. Nayataja haya kwa sababu kila aliyepakia picha nzuri ya Knut, apende asipende, alikuwa akiitangazia biashara hiyo bure. Simlaumu kwa hilo, ila ni vema kujua uko upande gani wa kaunta.

Picha maarufu kuliko zote haikupigwa na mtu wa ridhaa. Toleo la Mei 2007 la jarida la Vanity Fair, lililohusu mazingira, lilimweka jaladani Leonardo DiCaprio akiwa juu ya barafu pamoja na Knut. Aliyewapiga ni Annie Leibovitz. DiCaprio alipigwa Iceland, kwenye ziwa la barafu la Jökulsárlón. Knut alipigwa Berlin. Hawakuwahi kusimama mahali pamoja. Kompyuta ndiyo iliyowakutanisha. Dubu ambaye hajawahi kuona bahari iliyoganda akapewa barafu ya kuazima ili awe balozi wa barafu.

Watu walicheka, wengine wakakasirika, lakini tazama mpiga picha wa ridhaa anafanya nini Jumamosi asubuhi akiwa ukingoni mwa ua la dubu. Anavuta lenzi mpaka ukuta utoke nje ya fremu. Anafungua tundu la lenzi ili waya ulio mbele uyeyuke usionekane. Anasubiri dubu asogee mbali na mpira wa plastiki wa bluu. Anaporudi nyumbani anakata upande wa kulia kwa sababu kuna mlango wa chuma. Mwisho anabaki na uso mweupe, jiwe, na maji. Hajadanganya kwa kompyuta kama wale wa jaridani, lakini amefika pale pale kwa njia ya mkasi. Mtazamaji aliye Mombasa au Mwanza, ambaye hajawahi kumwona dubu kwa macho, ataamini kwamba hivyo ndivyo dubu mweupe anavyoishi.

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo kisa kinapokuwa na nyama.

Dubu weupe waliofungiwa wana tabia moja inayojulikana sana: hutembea kwenda na kurudi kwenye njia ile ile, hatua zile zile, na kugeukia mahali pale pale, kwa muda mrefu. Mwaka 2003 Ros Clubb na Georgia Mason wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha uchunguzi katika jarida la Nature. Walionyesha kwamba wanyama walao nyama wanaozunguka maeneo makubwa porini ndio wanaosumbuliwa zaidi na tabia hii wakifungwa. Walikadiria pia kwamba ua la kawaida la dubu mweupe ni kama sehemu moja ya milioni ya eneo dogo kabisa ambalo dubu huyo hulizungukia porini. Sehemu moja ya milioni! Hata ua likipanuliwa mara kumi, hesabu haibadiliki kwa maana yoyote anayoweza kuihisi dubu.

Sasa mpige picha dubu huyo. Picha moja ya dubu anayekwenda na kurudi inaonyesha mnyama anayetembea kwa utulivu, kichwa chini, mguu mmoja hewani, manyoya yakitikisika. Ni picha ya kupendeza, tena hutoka vizuri kirahisi, kwa sababu njia yake unaijua na unaweza kulenga mapema. Mpiga picha mwenye bidii huipenda tabia hii kabla hajajua ni nini. Fremu moja imesimamisha wakati, na ugonjwa wa dubu huyu unaonekana kwenye wakati tu.

Tiba yake si kamera ghali. Kamera za 2007 za watu wa kawaida, kama Canon EOS 400D yenye megapikseli 10 au Nikon D40 yenye sita, zilikuwa tayari zinaandika ndani ya kila faili tarehe, saa mpaka sekunde, na urefu wa lenzi uliotumika. Pakia picha tatu badala ya moja: dubu kwenye jiwe lile lile, mguu ule ule juu, ya kwanza saa 4:10, ya pili saa 4:11, ya tatu saa 4:25. Hakuna maelezo ya kuongeza. Mtazamaji ataelewa mwenyewe. Tatizo ni kwamba mitandao mingi huzifuta data hizo za ndani pindi unapopakia, na picha zilizowekwa saa hubaki bila saa. Kwa hiyo saa iandikwe kwa maneno chini ya picha. Faili halisi nalo litunzwe nyumbani bila kuguswa.

Kuna jambo la rangi pia. Unywele wa dubu mweupe hauna rangi. Unapitisha mwanga kama kioo na una tundu katikati, na ngozi iliyo chini ni nyeusi. Weupe tunaouona ni mwanga unaotawanyika. Mwaka 1979 wanasayansi walieleza kwamba dubu weupe wa bustani ya San Diego waligeuka kijani kwa sababu mwani ulikuwa umeota ndani ya nywele zao, na mwaka 2004 dubu wawili wa Singapore, Sheba na mwanawe Inuka, walipatwa na hali hiyo hiyo. Hali ya hewa ya joto na maji ya bwawa ndiyo iliyokaribisha mwani huo; kwenye barafu ya Aktiki mambo hayo hayapo.

Mtu wa ridhaa anafanya nini akiona kijani kwenye manyoya? Anadhani kamera imekosea. Anafungua programu ya kuhariri, anabonyeza mahali pa kusawazisha weupe, na kijani kinatoweka. Ameufuta ushahidi wa jambo muhimu kuliko yote kwenye picha, huku akiamini anasahihisha kosa. Vivyo hivyo kwa Knut: alipokua alikuwa akigaagaa kwenye udongo, na rangi yake mara nyingi ilielekea kwenye kahawia kuliko theluji. Wapo walioona haya kwa niaba yake wakamfua kwa kompyuta.

Sisemi mwanga usirekebishwe. Kamera ikimwona dubu mweupe kwenye theluji hudhani mahali pamewaka mno, inapunguza mwanga, na dubu anatoka kijivu kama sufuria. Kuongeza mwanga hatua moja wakati wa kupiga ni kumrudishia dubu rangi yake. Kipimo ninachotumia mimi ni kulinganisha na kitu kisicho mnyama: kama saruji nyuma yake inaonekana kama saruji uliyoiona kwa macho, basi rangi ya dubu nayo iache ilivyo. Ndiyo faida nyingine ya kuuacha ukuta kwenye fremu.

Mwaka 2008 mmoja wa watunzaji waliosaidia kumlea Knut aliwaambia waandishi wa habari kwamba dubu huyo amezoea kutazamwa kiasi cha kulia pasipo na mtu mbele ya ua lake, na kwamba hali hiyo lazima ibadilike. Kwa mpiga picha, kauli hiyo inageuza meza. Wewe uliyesimama hapo na lenzi si shahidi aliye nje ya jambo. Uso wa dubu ulioelekea kwako, ambao umeusubiri kwa hamu, huenda umeelekea kwako kwa sababu uko hapo. Picha hiyo ni ya ninyi wawili, ingawa mmoja haonekani.

Jambo hili si la Berlin peke yake. Mjini Bern, Uswisi, shimo la dubu lililotumika tangu 1857 mpaka 2009 lilikuwa na wageni wanaorusha karoti kutoka juu, na dubu wakajifunza kukaa kitako na kunyanyua mikono. Kadi za posta za zamani zinamwonyesha dubu akipunga. Anaomba chakula, basi. Ukipakia picha kama hiyo na maneno “dubu anatusalimia”, umetoa tafsiri ambayo karoti ingeikanusha.

Turudi kwa Knut. Dörflein alifariki ghafla tarehe 22 Septemba 2008 akiwa na miaka 44. Mwaka uliofuata Knut aliwekwa na dubu jike kutoka Munich, Gianna, walikaa pamoja chini ya mwaka, kisha Gianna akarudishwa kwao. Halafu akaingizwa kwenye ua moja na majike watatu wakubwa, mmoja wao Tosca, mama aliyemkataa. Hapo ndipo wageni wa kila mara walipopiga kelele. Walisema majike wanamwonea, wanamfukuza, na kwamba anakaa pembeni peke yake. Uongozi wa bustani uliliona jambo la kawaida kwa dubu wanaozoeana.

Nani alikuwa sahihi? Naomba tutenganishe. Wageni walikuwa na kitu ambacho hata daktari wa mifugo wa bustani hakuwa nacho kwa wingi huo: maelfu ya picha za siku mfululizo, mvua na jua. Kama picha hizo zingekuwa zimepangwa kwa tarehe na saa, zikionyesha ua lote na dubu wote wanne, zingetosha kuhesabu ni mara ngapi Knut alikaa mbali na wenzake, nani alimsogelea, na nini kilifuata. Huo ungekuwa ushahidi wa kubishana nao mezani. Lakini picha nyingi zinazopigwa kwa mapenzi huwa ni za uso wa Knut, zimekatwa karibu, na chini yake kumeandikwa maneno ya huzuni. Uso wa dubu hausomeki kirahisi kama uso wa mbwa, na dubu mweupe mzima, hata porini, sehemu kubwa ya maisha yake yu peke yake. Picha moja ya dubu aliyejitenga haiwezi kusema kama anaonewa au amepumzika. Wageni waliona jambo la kweli, nadhani, ila walilipiga picha kwa namna isiyoweza kulithibitisha.

Jumamosi ya tarehe 19 Machi 2011, mbele ya wageni wapatao 600 au 700, mguu wa nyuma wa Knut ulianza kutetemeka. Alizunguka pale pale, akapatwa na degedege, akaangukia chali kwenye bwawa, akafa. Alikuwa na miaka minne. Kamera zilikuwa zinawaka, na video zikasambaa siku hiyo hiyo.

Nina maoni mawili yanayopingana kuhusu video hizo, na sijajaribu kuyapatanisha. La kwanza: zilikuwa na kazi. Zilionyesha mfuatano wa dalili bila mtu kulazimika kukumbuka kwa kichwa, kwamba mtetemeko ulitangulia kuanguka majini. La pili: kilichozifuata kilikuwa uzushi mtupu. Alikufa kwa upweke, kwa kumlilia Dörflein, kwa kuteswa na majike, kwa kamera zenyewe. Kila mtu aliiona sababu yake kwenye video ile ile. Uchunguzi wa mwili ulionyesha uvimbe wa ubongo, na kwa muda virusi vikashukiwa. Mwaka 2015 timu ya Berlin, wakiwemo Alex Greenwood na daktari wa mishipa ya fahamu Harald Prüss, ilichapisha jibu katika jarida la Scientific Reports: kinga ya mwili wa Knut ilikuwa imeushambulia ubongo wake, ugonjwa uliokuwa ukijulikana kwa binadamu tu, haujawahi kuthibitishwa kwa mnyama mwingine. Degedege lilimwangusha majini, na maji yakamaliza. Hakuna fremu hata moja, katika zile zote za miaka minne, ambayo ingeweza kumwonyesha mtu jambo hilo.

Kama ningekuwa na video ile, ningeipeleka kwa bustani na kwa wachunguzi ikiwa na sauti na saa yake, na nisingeipakia. Najua wengi hawatakubali.

Kuhusu haki, kwa haraka. Dubu hana haki ya picha yake kisheria, lakini mtoto wa mgeni mwenzako aliyesimama mbele ya kioo anayo. Ujerumani ina sheria ya jambo hilo tangu 1907, na watu wanaoonekana kama sehemu ndogo tu ya mandhari hawahesabiwi sawa na aliyelengwa. Kushirikisha picha bila malipo na kuuza ni vitu viwili. Desemba 2010 Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Ujerumani, katika kesi ya majumba na bustani za kifalme za Prussia, ilikubali kwamba mwenye eneo anaweza kudhibiti biashara ya picha ambazo mtu amezipiga akiwa ndani ya eneo hilo. Ukinunua tiketi umenunua kutazama. Soma masharti yaliyo nyuma yake kabla hujachapisha kalenda.

Afrika ya Mashariki haina dubu wa asili, lakini mtego wa kisa hiki upo, na mahali pake palipo wazi zaidi ni Nairobi. Makao ya wanyama yatima, yaani Nairobi Animal Orphanage, yaliyofunguliwa 1964, yako kwenye lango kuu la hifadhi, jirani kabisa na mbuga ambamo simba huru wanazunguka. Simu ikirekodi mahali picha ilipopigwa, yatima aliye nyuma ya waya na simba aliye nyikani wote wanaweza kuandikiwa Nairobi National Park. Namba za ramani hazijasema uongo, lakini atakayeiona picha hiyo Dodoma au Muscat atamhesabu yatima miongoni mwa simba wa porini. Andika jina la makao. Ikiwa umepiga kupitia waya, sema ni kupitia waya, na kama mnyama ana jina alilopewa na watunzaji, liweke, kwa sababu ndilo litakalomwezesha mtu mwingine kuiunganisha picha yako na nyingine ya mnyama huyo huyo iliyopigwa mwaka ujao.